Chumba Kikavu cha Timotheo Kalinga

Uyole kuna baridi. Asiyeamini na aje mwezi wa nne, alale usiku mmoja kwenye nyumba ya bati tupu, asubuhi tutaongea. Timotheo Kalinga alikuwa na nyumba ya vyumba vinne pale, karibu na barabara ya kwenda Tukuyu, na katika vyumba hivyo kimoja tu ndicho kilikuwa kikavu. Kilikuwa na dari ya mbao, sakafu ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa, dirisha la kioo lililozibwa pembeni kwa gundi, na mlango uliobandikwa vipande vya godoro ili upepo usipenye. Vingine vilikuwa bati juu, udongo chini. Cha nyuma, kilichoegemea banda la kuni, kuta zake zilitoka maji kuanzia Krismasi mpaka mwezi wa tano.

Utadhani chumba kikavu alilala mzee mwenyewe na mkewe. Thubutu. Kile kilikuwa chumba cha sarafu.

Timotheo alikuwa karani wa tiketi kwenye stesheni ya treni ya Mbeya kwa miaka thelathini, na ugonjwa wa sarafu ulimpata pale pale dirishani. Abiria wa kutoka Zambia walimwachia ngwee zao zisizonunua kitu huku kwetu, naye akazipenda. Baadaye wachimbaji wa dhahabu wa Chunya wakamjua. Walichimba wakakuta rupia za Mjerumani, heller, senti za Mwingereza zenye tundu katikati, wakasikia mjini yuko karani mmoja mwenye kichaa cha vyuma vya zamani. Hata mwanaye alikuwa hamwangalii hivyo. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Anord, na siku Anord alipomaliza darasa la saba baba yake alikuwa Makongolosi kufuata rupia.

Mpaka anastaafu alikuwa na sarafu zaidi ya elfu tisa. Kuzipata hakukumsumbua. Kilichomsumbua ni aziweke wapi zisioze, na aziweke vipi watu wazione.

Alianza na makopo ya maziwa ya unga, zikapigana humo ndani zikachubuka. Akahamia soksi kuukuu, moja kwa kila nchi. Akazifunga mafungu kwa mipira, ile ya kufungia noti, na baada ya mwaka fedha ikawa nyeusi kila mahali mpira ulipogusa. Akanunua albamu za nailoni zenye vijumba vidogo, akafurahi mwezi mzima, halafu vijumba vikaanza kutoa mafuta ya kunata na shaba ikaota ukungu wa kijani. Akamtengenezesha seremala droo za mbao mbichi zilizopakwa vanishi, na zile ndizo zilikuwa mbaya kuliko zote, maana harufu tu ya vanishi ilizibadili rangi. Kila alipokosea nyumba nzima ilikosa amani. Mkewe Severina alijua hali ya sarafu kwa namna mumewe alivyoweka kikombe mezani.

Huyu Severina ndiye mwenye habari hii. Mwanamke wa Ilula, Mhehe kama mumewe, mwembamba, si msemaji, mabega yamezoea mzigo. Kwa miaka ishirini na tatu alinunua mchele Rujewa, akaupeleka kuuza Iringa mjini. Usije ukasikia mtu anasema nyumba ile ilijengwa kwa mshahara wa karani. Mchele ndio uliojenga, kuanzia msingi hadi kile kioo cha dirisha kilichozibwa kwa gundi.

Siku moja, walipokuwa bado wamepanga mjini, Timotheo alipata habari kwamba walimu wawili wangekuja kutazama sarafu zake. Alitoka kwenda kununua soda. Severina akaziona rupia zimetandazwa mezani, nyeusi nyeusi, akaona aibu kwa niaba ya mumewe. Kwao mgeni akija hata sufuria inayokaa uvunguni inasuguliwa. Akachukua majivu na ndimu, akazisugua rupia kumi na moja mpaka yule Kaiza wa Mjerumani akawa anameremeta kofia na sharubu. Aliziweka kwenye sahani nyeupe, akangoja asifiwe.

Timotheo alirudi na wale walimu, akazitazama, akakaa chini. Hakumpiga. Ingekuwa afadhali angempiga yakaisha. Alimweleza taratibu, mbele ya wale walimu, kwamba ule weusi ndio uliokuwa umri wa sarafu, kwamba sarafu iliyosuguliwa ni sawa na mzee aliyechunwa ngozi ili aonekane kijana. Walimu wakacheka. Naye Severina akacheka kidogo, kwa kukosa pa kuweka uso.

Alipojenga chumba kikavu, Timotheo aliachana na droo, akatengeneza mbao za ukutani, kumi na nne, zimefunikwa kitambaa cha kijani na kioo juu. Kila sarafu na shimo lake, kila shimo na kadi yake iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri wa karani. Na kwenye ubao wa kwanza, unaoukuta ukiingia tu, alitundika rupia moja inayometameta kuliko zote. Kadi yake ilisema: Rupia, 1904. Imeharibiwa na Severina kwa majivu.

Kila mgeni aliisoma. Katekista aliisoma, mafundi umeme waliisoma. Wanawake wa jumuiya walipokuja kusali waliisoma, wakamtazama Severina, wakatazama chini. Alimwomba mumewe aiondoe, akajibiwa kwamba maonyesho bila fundisho ni mapambo tu. Alizoea kufuta kioo kile kila Jumamosi, kadi yake mwenyewe inamtazama.

Basi mwaka juzi, mwezi wa pili, mama yake Severina alianguka shambani kule Ilula. Bibi Apolonia alikuwa na miaka themanini na mbili na kifua kilichokuwa kinamsumbua tangu zamani. Kule Ilula hakuna wa kumtazama, ingawa jua la kule ndilo lililokuwa linamshikilia. Severina akamleta Uyole kwa basi, amemfunika mablanketi mawili. Daktari alimsikiliza kifua, akasema huyu bibi dawa atapewa, lakini dawa ya kwanza ni palipo pakavu, pasipo na upepo. Severina akimlaza kwenye unyevu, asije akamlaumu daktari.

Severina alirudi nyumbani, akamkuta mumewe anapangusa vioo. Akamweleza alivyoambiwa. Hakuomba kwa maneno mengi. Alisema ubao ubaki ukutani ulivyo, kitanda kitaingia katikati, mpaka mvua ziishe tu.

Timotheo alisema pumzi ya mtu ina maji. Mtu mmoja akilala humo usiku kucha, asubuhi kioo kimelia, na baada ya wiki shaba imeota kijani. Severina akasema ni mama. Timotheo akaenda nje, akaongea na simu muda mrefu. Aliporudi alikuwa ameshapata neno la kumfungia mlango.

"Halafu kuna heshima," alisema. "Chumba kile naingia kila siku. Mkwe halali kwenye chumba anachoingia mkwewe. Sisi Wahehe tuna mila zetu, Mama Anord."

Angalia mtu huyu. Mila ni kweli ipo, wazee wetu walikuwa mkwe akipita njia hii wewe unakata kule. Lakini Timotheo lini? Huyu alikula sahani moja na Bibi Apolonia kule Ilula, akamtania, akamwita mchumba. Siku ya harusi ya Anord alicheza naye mbele ya watu mpaka kilemba kikamdondoka bibi wa watu. Miaka yote mila ilikuwa imelala, ikaamshwa siku hiyo ili ilinde senti zenye tundu.

Severina alijua anadanganywa. Lakini neno la heshima likishasemwa kwetu, anayebishana nalo ndiye anaonekana hana adabu, na mbaya zaidi bibi mwenyewe alikuwa amelisikia. Alikuwa amekaa sebuleni na kikombe cha uji. Akasema mkwe wangu amesema kweli, nisije nikamvunjia heshima kwenye nyumba yake, nipelekeni tu huko nyuma.

Akapelekwa nyuma. Severina alitundika nailoni ukutani, maji yakapita nyuma ya nailoni. Alitandika magunia ya mchele chini, yakaota ukungu. Aliingiza jiko la mkaa, bibi akakosa hewa, akalitoa. Kila asubuhi alilikuta blanketi zito kwa maji, akalianika juani, na jua lenyewe la Uyole mwezi wa tatu unalijua. Usiku alilala naye, akimkumbatia kwa nyuma kama bibi ndiye mtoto. Alisikia kifua kile kinavyochemka. Upande wa pili wa korido sarafu zilikuwa zimelala pakavu.

Bibi Apolonia alifariki wiki ya Pasaka. Maneno yake ya mwisho hayakuwa makubwa. Aliuliza kama nguo zake zimekauka.

Wakamzika Ilula. Timotheo alilia sana msibani, na watu wakasema mkwe huyu alimpenda mama mkwe wake. Severina alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wengine. Bado alikuwa anajilaumu mwenyewe. Alijiambia labda angembakiza Ilula, labda angepigania zaidi, labda zile sarafu kweli zingeharibika na mumewe hakuwa na namna.

Mwezi wa nane alipeleka mchele Iringa, akapitia dukani kwa Dhaval. Huyu Dhaval ni muuza vitambaa, mtoto wa marehemu mzee Harilal, na marehemu alimwachia sarafu nyingi kuliko hata za Timotheo. Katika dunia hii Timotheo aliheshimu watu wawili, Dhaval na yeye mwenyewe. Kila alipokwama alimpigia simu. Severina ndiye aliyekuwa akibeba bahasha zao, sarafu huku, sarafu kule.

Dhaval alimpa pole ya msiba, akamvutia kiti, akaagiza chai. Halafu akauliza kama angalau bibi alipata nafuu kidogo alipohamishiwa kwenye kile chumba kikavu.

Severina alisema hakuhamishiwa, sarafu zingeharibika.

Dhaval aliweka kikombe chini. "Mama Anord, mbona alinipigia simu," alisema. "Aliniuliza mwenyewe, mkwe wangu mgonjwa anahitaji chumba, nifanyeje na sarafu. Nikamwambia chumba hakihitajiki. Kila moja kwenye bahasha ya karatasi, bahasha kwenye kopo lenye kifuniko cha kubana, na ndani ya kopo mchele uliokaangwa kidogo ukafungwa kwenye kitambaa, unyonye unyevu. Za baba yangu zimekaa hivyo miaka arobaini, nyingine ziko stoo chini ya ngazi. Zingekaa hata jikoni kwako."

Severina aliuliza mumewe alijibu nini.

Dhaval hakutaka kusema. Severina akakaa, akamngoja, chai ikapoa.

"Alisema, kwenye kopo nani ataziona?"

Mchele. Ndani ya nyumba ile mchele ulikuwa magunia sita. Severina alirudi Mbeya na basi la mchana, akapita Makambako, akapita Rujewa, hakumbuki hata kama alikula. Hakuwa analia. Nyumbani alipika, akaandaa, akamkaribisha mumewe maji ya kunawa. Hakumwambia kitu. Mtu akikuona unanyamaza anadhani umesamehe, hasa kama ni mtu ambaye hakudhani amekosa.

Mungu si Athumani, wanasema, lakini safari hii sina hakika ni Mungu. Mwaka huu, mwezi wa kwanza, Timotheo alipanda kwenye stuli kusogeza ubao wa tatu, akashuka kama gunia. Kiharusi. Hospitali walikaa naye wiki mbili, wakamrudisha upande wa kulia umekufa, ulimi mzito lakini unaeleweka ukivumilia. Na kifua, walisema. Mtu wa kulala tu kifua chake hujaa upesi. Alale pakavu, pasipo na upepo.

Severina aliitikia vizuri, akashukuru. Akamtandikia chumba cha nyuma.

Majirani aliwaambia kule ni karibu na choo. Wakaona ni kweli, na wakamsifu, maana kwa usafi na chakula hakuwa na mpinzani. Alimgeuza kila baada ya saa tatu asitoke vidonda. Alimwogesha kwa maji ya moto, akamlisha uji kwa kijiko, akamkata kucha. Hakumwinulia sauti hata siku moja. Ukifika ukamwona utasema wanawake kama hawa wamekwisha duniani.

Akishamaliza alikwenda chumba kikavu, akavaa glovu za pamba, akafungua vioo. Alikuwa amemtazama mumewe miaka yote hiyo, alijua sarafu inashikwa ukingoni, haiguswi uso. Alikata karatasi, akakunja bahasha, akaandika juu ya kila moja yale yale yaliyokuwa kwenye kadi. Mchele aliukaanga kwa moto mdogo, akaufunga kwenye vipande vya khanga ya mama yake. Makopo yenye vifuniko vya kubana alinunua Mwanjelwa. Ilimchukua wiki tatu. Mzee kule nyuma alisikia vioo vinavyofunguliwa, akapiga kelele zake zile za ulimi mzito, unafanya nini, unafanya nini. Severina alimjibu kutoka kule kule kwamba anafanya usafi.

Makopo yote yakaenda jikoni, rafu ya juu. Mbao za kijani zikawa kuni. Ile kadi ya majivu ilichemsha maji ya kumwogeshea mzee.

Chumba kilipobaki kitupu akakisugua sakafu. Akaingiza kitanda cha mama yake, kile alichokifuata Ilula baada ya arobaini, akatandika shuka nyeupe, mablanketi mawili makavu, mto. Kwenye kiti aliweka gauni la bibi, na kikombe chake cha uji mezani. Halafu akaacha mlango wazi, na mlango wa chumba cha nyuma akauacha wazi pia, ili mtu aliyelala kule akigeuza shingo kushoto akione kitanda kile vizuri.

Timotheo alikitazama wiki nzima. Mvua za mwezi wa tatu zilikuwa zimeanza. Ukuta ulikuwa unatoka maji, blanketi likawa zito, kifua chake kikaanza kuchemka, na Severina aliijua sauti ile kuanzia mwanzo wake, hakuhitaji daktari. Anord alipiga simu kutoka Chunya, akauliza baba analala wapi. Akaambiwa baba yako analala vizuri.

Mwisho wa mwezi, asubuhi moja, alichukua kopo moja jikoni akaenda nalo chumba cha nyuma. Akakaa ukingoni mwa kitanda. Mzee alipoliona kopo macho yalimtoka. Severina alivaa glovu, akafungua, akatoa bahasha, akachomoa rupia moja ya Mjerumani kwa ukingo, akamsogezea karibu na uso. Akamgeuzia upande wa pili. Ilikuwa nyeusi safi kama alivyoiacha, haina doa, haina kijani.

"Zote ziko jikoni, Baba Anord," alisema. "Mvua hii yote, na mvuke wa masufuria. Dhaval anakusalimu."

Timotheo aliitazama rupia ile muda mrefu. Alikuwa mtu wa kupima vitu, na hiki nacho alikipima mpaka mwisho. Machozi yakamtoka upande mmoja, ule uliokuwa bado unasikia. Kikohozi kikamshika, Severina akamwinua, akampiga mgongoni taratibu mpaka kikatulia, akamfuta mdomo. Mzee akanyoosha mkono wake mzima kuelekea mlangoni, kuelekea kile kitanda cheupe.

"Nipeleke kule," alisema, neno moja moja. "Pakavu. Severina. Nakufa huku."

Severina alirudisha rupia kwenye bahasha, bahasha kwenye kopo, akakibana kifuniko kwa kiganja.

"Kile chumba cha mama," alisema. "Mkwe haingii. Tuna mila zetu."

Alimfunika vizuri mpaka shingoni, na lile blanketi likiwa limelowa. Alikuwa ametegemea kwamba akishayasema maneno yale moyo utatulia. Haukutulia. Alisimama koridoni kidogo, katikati ya milango miwili, akisikiliza kile kifua, halafu akaenda jikoni, akalirudisha kopo mahali pake, akaanza kuchambua mchele wa mchana.